Pumu ya ngozi Dar es Salaam: mafuta yapi, krimu ipi, na tyubu gani uiache dukani

Mwenye pumu ya ngozi anahitaji vitu viwili: kitu cha kulainisha ngozi kila siku, na dawa ya kutuliza pale ugonjwa unapopanda. Lakini ukifika dirishani na kusema, "Dokta, naomba dawa ya muwasho ya mtoto," mara nyingi unakabidhiwa kitu cha tatu: tyubu ndogo yenye dawa tatu kwa mpigo, ambayo hukuiomba na huijui. Nimeandika ulinganisho huu ili mtu afike famasi akijua jina la anachokitaka. Nasema jina la dawa yenyewe, lile la herufi ndogo chini ya jina kubwa la biashara, kwa sababu ndilo linaloonyesha kama ulichoshika ni cha shavu la mtoto au cha nyayo za mtu mzima.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni yenyewe. Pumu ya ngozi, ambayo wengine huiita ukurutu au ekzema, hupenda mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni, vifundoni. Kwa watoto wachanga huanza sana mashavuni. Kwenye ngozi nyeusi haiwi nyekundu kama kwenye picha nyingi za mtandaoni. Huwa kahawia iliyokolea, kijivu au zambarau, na mara nyingi huja kama vipele vidogo vidogo vilivyokaa kwenye vinyweleo, unavihisi kwa kidole kabla ya kuviona kwa jicho. Kama nyumba nzima inajikuna usiku na vipele viko katikati ya vidole, huo ni upele, na hutibiwa watu wote wa nyumba kwa pamoja. Kama ni duara lenye ukingo ulioinuka huku katikati pamepoa, hiyo ni fangasi. Tofauti hizi zina uzito mkubwa, kwani dawa inayotuliza pumu ya ngozi huipa fangasi nafasi ya kuenea.

Mgando, krimu au losheni

Watu hubishana sana kuhusu kipi bora, na kuna jibu lililopimwa. Mwaka 2022 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio la watoto 550 wenye ukurutu, waliogawanywa makundi manne: wa losheni, wa krimu, wa jeli na wa mafuta mazito. Baada ya wiki 16 hakuna kundi lililolishinda jingine kwa kutuliza ugonjwa. Mafuta mazito yalichoma ngozi mara chache kuliko mengine, basi. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kuchagua ni hiki: kipi utakipaka kweli, asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, bila mtoto kukimbia na bila bajeti ya nyumba kuyumba.

Hapo ndipo mafuta ya mgando yanapopata nguvu. Hayana maji ndani yake, kwa hiyo hayahitaji vihifadhi, na vihifadhi ni moja ya vitu vinavyochoma ngozi iliyochanika. Yanazuia maji ya ngozi kutoka. Yanapatikana kila duka, hadi genge la uchochoroni. Udhaifu wake ni joto la kwetu. Kuanzia Desemba hadi Machi, mtu aliyejipaka mgando mwili mzima kisha akabanwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto atatoka jasho lisilo na pa kwenda, na jasho lenyewe huamsha muwasho. Watoto hutoka vipele vya joto juu ya pumu ya ngozi, na mama anadhani ugonjwa umezidi.

Losheni ni nyepesi kwa sababu sehemu yake kubwa ni maji. Inakauka haraka, hailoweshi sare ya shule, lakini inadumu muda mfupi na ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa na manukato na vihifadhi. Krimu iko katikati. Glisirini tupu siipendekezi juu ya ngozi yenye michubuko, maana inanata na kuchoma. Ikiwa ni kiungo ndani ya krimu, sawa kabisa.

Mimi ningegawanya siku. Msimu wa joto, krimu isiyo na manukato asubuhi na mgando usiku. Kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kipupwe unapokausha midomo na miguu, mgando mara mbili kwa siku. Na usidanganywe na picha ya mtoto kwenye kopo. Mafuta mengi ya mgando "ya mtoto" yana manukato kuliko yale ya kawaida. Angalia orodha ya viambato. Ukiona neno "parfum" au "fragrance", rudisha.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaponunua kisichowafaa. Ngozi ya mwili mzima ikiwa imekauka, kiasi kinachoshauriwa ni kati ya gramu 250 na 500 kwa wiki. Hilo ni kopo kubwa. Krimu ya kutoka nje yenye seramidi (aina ya mafuta yaliyomo kwenye ngozi yenyewe), ya gramu 50, haimalizi hata siku mbili ikipakwa inavyotakiwa. Kinachotokea ni kwamba mtu aliyeinunua kwa bei kubwa anaipaka kwa ubahili, kidoadoa, kisha anasema haifanyi kazi. Gawanya bei kwa gramu kabla ya kulipa. Krimu hizo si mbaya, na kama mfuko unaruhusu na mtoto anazipenda, tumia. Lakini kopo la bei nafuu linalopakwa kwa wingi litakusaidia kuliko chupa ya bei ghali inayohesabiwa matone.

Kuna moja ya kuepuka kama ya kujipaka na kukaa nayo: ile iliyoandikwa "aqueous cream". Aina nyingi zake zina sodiamu laurili salfeti, kiambato cha sabuni. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kwamba inaweza kuwasha ngozi, hasa ya watoto wenye ukurutu. Iweke upande wa kuogea kama unayo tayari, na isuuze.

Mambo mawili ya usalama ambayo hayaandikwi kwa herufi kubwa. Kopo la familia nzima lichotwe kwa kijiko safi, si kwa vidole, kwa sababu ngozi ya mwenye ugonjwa huu hubeba bakteria wengi na wakiingia kwenye kopo wanarudi kwa kila mpako. La pili: nguo, kanga na mashuka yaliyolowa mafuta haya hushika moto haraka na kuwaka kwa kasi. Mtoto aliyepakwa asikae karibu na jiko la mkaa, na wewe mwenyewe usipike kwa gesi ukiwa umevaa kanga iliyonyonya mgando.

Nazi, alizeti, zeituni

Mafuta ya nazi yana watetezi wengi pwani hii, na hawajakosea. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2014 liliwalinganisha watoto 117 wenye ukurutu wa wastani au mdogo. Waliopakwa mafuta ya nazi yasiyopikwa kwa wiki 8 walipona vizuri kuliko waliopakwa mafuta ya madini. Ni jaribio dogo, lakini ni halisi. Angalizo langu ni namna yanavyotengenezwa. Yale yaliyochujwa bila kuchemshwa, yasiyo na harufu ya kuungua, ndiyo yaliyopimwa. Yale ya chupa yaliyotiwa rangi na marashi ya nywele ni kitu kingine.

Alizeti haiharibu ukuta wa ngozi. Zeituni, ambayo wengi huiona ndiyo ya heshima zaidi, imeonekana kwenye utafiti wa mwaka 2013 kudhoofisha ukuta huo hata kwa watu wenye ngozi nzima. Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi ningeiacha jikoni. Mnyonyo ni mzito na unanata. Siagi ya shea ni nzuri ikiwa haina marashi.

Mwarobaini je? Bibi wengi watakuambia uchemshe majani umwogeshe mjukuu. Maji yale hayarudishi mafuta kwenye ngozi, na ukizidisha majani yanakausha na kuwasha. Kama hutaki kumvunja moyo bibi, fanya yawe mepesi, umuogeshe kwa muda mfupi, halafu umpake mafuta papo hapo. Ndimu, chumvi na dawa ya meno juu ya ngozi iliyochanika ni mateso tu.

Steroidi za kupaka

Hapa ndipo ningetaka usome taratibu. Steroidi ndizo ile dawa ya kutuliza niliyoitaja mwanzoni: hupunguza uvimbe na muwasho ugonjwa unapopanda. Dar hofu imekaa mahali pasipo pake. Mama anaogopa kumpaka mtoto haidrokotizoni aliyoandikiwa hospitali kwa sababu amesikia "steroidi zinaharibu ngozi," na mama huyohuyo anampaka tyubu ya mtaani yenye steroidi kali mara mia na zaidi, kwa kuwa hajui imo. Hofu ya haidrokotizoni ikipungua na hofu ya tyubu ya mtaani ikiongezeka, watoto wengi watalala usingizi.

Ngazi ziko hivi. Chini kabisa ni haidrokotizoni 1%. Ni hafifu, na ndiyo ya uso, shingo, makwapa, kinena na watoto wadogo. Juu yake kuna klobetasoni, ambayo kwenye boksi huandikwa clobetasone butyrate 0.05%, hii ni ya wastani. Kisha zile kali: betamethasoni valereti 0.1% na mometasoni 0.1%, ambazo nguvu yake inakadiriwa kuwa mara 100 hadi 150 ya haidrokotizoni. Hizi ni za mikono, miguu na kiwiliwili cha mtu mzima, au za mtoto kwa siku chache kwa maelekezo ya daktari. Kileleni yupo klobetasoli, clobetasol propionate 0.05%, hadi mara 600. Huyu ni wa viganja, nyayo na ngozi iliyokomaa kwa kukunwa miaka. Hata mtu mzima hapaswi kuzidisha wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki.

Tazama mitego miwili hapo. Wa kwanza, asilimia haziko kwenye mzani mmoja. Mtu anaona 1% na 0.05% anadhani ya pili ndiyo laini, anaipeleka usoni kwa mtoto. Ni kinyume kabisa. Wa pili, klobetasoni na klobetasoli zimepishana herufi mwishoni tu, na kati yao kuna ngazi nzima ya steroidi kali. Soma neno lote, silabi kwa silabi, na mwambie muuzaji akusomee kama macho yanasumbua.

Baada ya nguvu, chagua umbo. Dawa hiyohiyo huuzwa kama krimu nyeupe au kama marhamu, ile ya mafuta mazito inayong'aa. Ngozi kavu, nene, yenye magamba inataka marhamu, maana inapenya zaidi na haichomi. Ngozi inayotoa majimaji, au yenye nywele, inataka krimu.

Kiasi ni rahisi kupima. Kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza: hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Mara moja kwa siku hutosha kwa dawa nyingi. Paka hadi ngozi iwe laini na muwasho uishe, si hadi upungue. Kuacha katikati ndiko kunakofanya tyubu ionekane haina kazi. Mara nyingi ni wiki moja au mbili. Kwa mtu ambaye ugonjwa unarudi palepale kila mwezi, daktari anaweza kumpangia kupaka siku mbili tu kwa wiki kwenye maeneo hayo ili usirudi. Mafuta ya kulainisha yanaendelea muda wote, na kati ya yenyewe na steroidi acha nusu saa hivi.

Steroidi kali ikikaa muda mrefu mahali pasipo pake, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea, uso unatoka chunusi, na karibu na macho inaweza kupandisha presha ya jicho. Haya ni kweli. Ila mabaka meupe yanayobaki baada ya pumu ya ngozi kupoa mara nyingi ni alama ya ugonjwa wenyewe. Hurudi rangi yake taratibu kwa miezi, ilimradi ugonjwa hauamki upya kila wiki.

Tyubu ya tatu kwa moja

Geuza boksi. Ukikuta betamethasoni au klobetasoli, pamoja na jentamaisini au niomaisini, pamoja na klotrimazoli au mikonazoli, umeishika. Inauzwa sana kwa sababu inaonekana kutibu kila kitu: steroidi, antibayotiki na dawa ya fangasi ndani ya gramu 15 za bei nafuu. Na siku tatu za kwanza muwasho unaisha kweli, kwa kazi ya ile steroidi.

Ikiwa tatizo ni fangasi, steroidi inazima dalili huku fangasi ikitambaa. Ukingo wa duara unapotea, hata daktari anapata tabu kuitambua baadaye. Ikiwa ni pumu ya ngozi, unampaka mtoto antibayotiki asiyoihitaji, na niomaisini yenyewe inaweza kumletea mzio wa ngozi. Steroidi iliyomo haina hata nafasi ya kupunguzwa kwa ajili ya uso. Sioni mtoto wa kawaida mwenye pumu ya ngozi ambaye tyubu hii inamfaa kuliko haidrokotizoni na kopo la mafuta. Iache dukani.

Ndugu yake wa karibu ni mkorogo na krimu za kung'arisha. Baadhi zina klobetasoli bila kuandikwa, nyingine haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au zebaki. Tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, shirika la viwango, na dawa zinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa, lakini krimu ya kuchanganywa ndani ya kopo lisilo na jina haisimamiwi na yeyote. Ngozi iliyozoea klobetasoli usoni, siku ikikosa, huwaka na kuvimba, na mwenye nayo huamini ana pumu ya ngozi mpya.

Vingine unavyopewa dirishani

Kalamini, ile losheni ya waridi, hupoza tetekuwanga na vipele vya joto. Kwa pumu ya ngozi inakausha kilichokwishakauka.

Setirizini na piritoni: hizi ni dawa za mzio zinazozuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho. Muwasho wa pumu ya ngozi hautoki hasa kwenye histamini, kwa hiyo vidonge hivi havisaidii sana. Piritoni humlaza mgonjwa, na mtoto mdogo asipewe bila daktari. Sindano au vidonge vya steroidi vinapooza kwa siku chache, kisha ugonjwa mara nyingi hurudi kwa hasira.

Takrolimasi ni habari njema yenye bei kubwa. Ni marhamu isiyo na steroidi, haipunguzi unene wa ngozi, na ndiyo ningeiulizia kwa ugonjwa unaojirudia kwenye kope na uso. Ya 0.03% ni ya watoto kuanzia miaka 2, ya 0.1% ni ya wakubwa. Siku za mwanzo inachoma, halafu inazoeleka. Pimekrolimasi 1% ni ya ukoo huohuo, ila hafifu zaidi. Uliza famasi kubwa au hospitali, na anza kwa ushauri wa daktari.

Sabuni na maji

Sabuni ya mche, ya magadi na zile za kuua vijidudu zina ualikali unaovunja mafuta ya ngozi. Dodoki nalo lipumzike. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi, sabuni isiyo na manukato kwenye kwapa, kinena na miguu pekee. Kausha kwa kugusagusa na taulo, bila kusugua, na paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu.

Walioko maeneo ya visima vyenye chumvi huniuliza kama wanunue mashine ya kulainisha maji. Jaribio la Uingereza la mwaka 2011 liliwafungia mashine hizo watoto wenye ukurutu majumbani na halikukuta faida. Weka fedha kwenye mafuta. Kama una ndoo ya maji ya bomba ya DAWASA, suuzia hiyo mwishoni. Mafuta ya kumimina kwenye maji ya kuogea nayo yalipimwa mwaka 2018 kwa watoto, na hayakuongeza kitu cha maana juu ya yale ya kujipaka.

Pale tyubu zinapokwisha kazi

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona malengelenge au vidonda vidogo vya duara vinavyofanana, vinauma kuliko vinavyowasha, na homa juu. Hivyo ni virusi vya herpesi vilivyovamia ngozi yenye ukurutu, na kwa mtoto ni hatari. Majimaji ya manjano yanayokauka kuwa magamba, usaha au tezi kuvimba ni maambukizi ya bakteria. Hapo antibayotiki inaweza kuhitajika, na aina yake ichaguliwe na aliyemwona mgonjwa.

Bila dharura, wiki mbili za haidrokotizoni iliyopakwa vizuri bila nafuu zinatosha kukupeleka kwa daktari wa ngozi. Muhimbili ina kliniki ya ngozi. Anza kituo cha afya cha karibu upate rufaa. Wapo pia wataalamu wengi mikoani waliosomea kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC Moshi, kilichoanza mwaka 1992. Kwa ugonjwa mkali wao wana njia nyingine: mwanga maalumu, methotreksati (dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili), na dawa za sindano kama dupilumabu ambazo bei yake bado ni nzito.

Siku ya kwenda, beba kila boksi na kila tyubu mtoto aliyowahi kupakwa, pamoja na kopo la mkorogo kama lipo, hata kama limebaki tupu. Mwambie daktari kila moja ilipakwa wapi, kwa muda gani, na nini kilitokea ulipoacha.